Kukodisha Shamba kwa Mwalo wa Dhahabu ni Kuliuza kwa Bei ya Kodi



Kiangazi hiki swali ninaloulizwa zaidi halihusu mbegu wala viwavijeshi. Ni hili: "Bwana shamba, kuna mtu anataka kukodi ekari yangu aweke karasha na mwalo wa kuoshea mawe ya dhahabu. Anatoa hela nzuri, na mkataba ukiisha ananirudishia shamba langu. Nimpe?"

Nimelijibu swali hili kwa simu, kwenye mikutano na hata njiani nikiwa juu ya pikipiki. Leo nalijibu kwa maandishi ili kila mmoja alisome kwa utulivu na amsomee jirani yake.

Jibu langu ni hili. Ukiruhusu mawe ya dhahabu yasagwe, yaoshwe na kulowekwa kwenye shamba lako bila bwawa lililotandikwa, na bila fedha iliyowekwa kando ya kuondoa marudio, hujakodisha shamba. Umeliuza, tena kwa bei ya kodi. Na umeuza pamoja na kisima cha jirani yako wa bondeni, ambaye hakupata hata shilingi.

Sipingi uchimbaji. Mchimbaji ndiye anayenunua nyanya zetu, kuku wetu na mahindi yetu mabichi kwa bei ambayo mnadani hatuipati. Vijana wetu wengi wako kwenye maduara. Ninachopinga ni mkataba ambao mmoja anaondoka na dhahabu na mwingine anabaki na sumu.

Jiwe likisagwa linaanza kazi mpya

Watu wengi wanadhani hatari ya mwalo ni zebaki na sianidi tu. Hizo ni hatari kweli, na nitazigusa. Lakini kuna hatari nyingine ambayo hakuna mtu aliyeinunua dukani. Inatoka ndani ya jiwe lenyewe.

Waulize wachimbaji watakueleza. Mawe ya juu ni mekundu na laini, kwa sababu hewa na mvua vimeyala kwa maelfu ya miaka. Ukishuka chini, hasa chini ya usawa wa maji, unakutana na jiwe gumu la rangi ya kijivu, lenye chembe za manjano zinazong'aa kama dhahabu lakini si dhahabu. Chembe hizo huitwa paireti. Ni mchanganyiko wa chuma na salfa.

Huko chini ya ardhi paireti imelala. Haipati hewa, kwa hiyo haidhuru mtu. Ikipandishwa juu, ikasagwa kuwa unga na kulowa maji, inaanza kuungana na hewa na kutengeneza tindikali ya salfuriki. Ndiyo tindikali ileile iliyomo kwenye maji makali ya betri ya gari, isipokuwa hii ni nyepesi zaidi. Kuna na vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye mazingira hayo na kuiharakisha kazi hiyo.

Kusaga ndiko kunakobadilisha mambo. Chukua bonge la chumvi ya mawe ulitie kwenye maji, halafu chukua chumvi ya unga uzito uleule uitie kwenye maji mengine. Ile ya unga inaisha mara moja. Ndivyo ilivyo kwa paireti. Jiwe zima linatoa tindikali kidogo kidogo, lakini unga wa karasha una sehemu nyingi sana za kugusana na hewa na maji.

Tindikali hiyo haikai peke yake. Inapopita kwenye lundo inayeyusha metali zilizokuwa zimeshikwa na jiwe: chuma, shaba, zinki, manganizi, risasi. Aseniki nayo, ambayo mara nyingi hukaa kwenye mwamba mmoja na dhahabu, inaachiwa. Maji yanayotoka chini ya lundo yanabeba vyote hivyo kwenda bondeni.

Si kila lundo litafika huko. Miamba mingine ina madini ya jamii ya chokaa yanayopooza tindikali. Maabara inaweza kupima na kukuambia lundo lako ni la aina gani. Lakini hapa ndipo penye mtego: hata lundo baya linaweza kukaa miezi au miaka likionekana zuri, kwa sababu ile chokaa ya ndani bado inapambana. Chokaa ikiisha, tindikali inatoka.

Sasa linganisha na mkataba wako. Mkataba ni wa mwaka mmoja au miwili. Siku mpangaji anapokukabidhi shamba, lundo ni mchanga mkavu usio na harufu. Mnapeana mikono. Mvua za mwaka wa tatu au wa nne ndizo zinazoanza kuonyesha wekundu kwenye mfereji, na wakati huo namba yake ya simu haipatikani.

Zebaki na sianidi zikikutana na tindikali

Kwa utaratibu wa huku kwetu, mawe husagwa kwenye karasha, yanaoshwa mwaloni na kukamatwa kwa zebaki. Kinachobaki ni marudio. Marudio hayo bado yana dhahabu kidogo, kwa hiyo mwenye vati huyanunua na kuyaloweka kwa sianidi kwenye matangi yake.

Zebaki iliyobaki kwenye marudio haiozi wala haiishi. Ikifika kwenye tope la mto au bwawa, vijidudu huigeuza kuwa aina mbaya zaidi inayoingia kwa samaki, na samaki wanaokula samaki wenzao huibeba kwa wingi. Mtoto aliye tumboni ndiye anayeumia zaidi, maana inaharibu ubongo unaojengwa. Marudio yenye zebaki yakilowekwa kwa sianidi, sianidi inaiyeyusha zebaki ile na kuirahisishia safari ya kwenda kwenye maji. Ndiyo maana Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ambao Tanzania imeuridhia, unataka nchi zikomeshe uwekaji wa sianidi kwenye marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza.

Utasikia watu wakisema sianidi inaisha yenyewe kwa jua. Kuna ukweli ndani yake. Jua na hewa huivunja ile iliyo juu ya bwawa. Iliyo ndani ya lundo, au iliyoshikana na shaba na chuma, inachukua muda mrefu zaidi.

Jambo la kuogopesha zaidi ni hili. Wenye vati hutia chokaa au kostiki soda kwenye matangi, na hawafanyi hivyo kwa mapambo. Sianidi hukaa salama ndani ya maji pale tu yanapokuwa hayana uchachu kabisa, yaani pH ya 10 na kuendelea. Ikikutana na tindikali inageuka gesi, na gesi hiyo inaua kwa dakika chache. Kwa hiyo lundo linalotoa tindikali likiwa jirani na tangi la sianidi, na maji yao yakakutana kwenye mfereji mmoja, hapo si suala la mazao tena. Ni suala la uhai wa mtu anayepita.

Yaliyotokea kwa wenye fedha na wahandisi

Mtu ataniambia, "Bwana shamba, unatutisha." Tuangalie yaliyotokea.

Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka kwenye mgodi wa North Mara, wilayani Tarime, yakaingia Mto Tigithe unaopeleka maji Mto Mara. Wananchi walilalamika kwamba wanaugua na mifugo inakufa, na ubishi juu ya ukubwa wa madhara ukaendelea kwa miaka. Wenye mgodi walisema plastiki iliyotandikwa kuzuia maji yasipenye iliibwa. Ikiwa ndivyo, nasi tujifunze hapo: plastiki ya bwawa la mgodi si turubai la kuanikia mpunga. Anayeiiba anaachia sumu mto anaochotea mama yake.

Miaka 10 baadaye, mwaka 2019, NEMC iliutoza mgodi huohuo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uchafuzi wa mazingira, na bwawa lake la topesumu likazuiwa kutumika kwa muda hadi marekebisho yafanyike. Huo ni mgodi mkubwa wenye wahandisi, maabara na pampu. Jiulize mwenye mwalo aliyekuja na karasha moja na vijana 6 atalidhibiti kwa nini.

Kwa majirani zetu wa Zambia, tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la taka za mgodi wa shaba ulipasuka karibu na mji wa Kitwe. Lita zinazokadiriwa kufikia milioni 50 za maji yenye tindikali ziliingia kijito hadi Mto Kafue. Samaki walikufa, mashamba ya wakulima wadogo ya bondeni yaliharibika, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Serikali ililazimika kumwaga chokaa mtoni kwa boti na kwa ndege ili kupooza ukali.

Na ukitaka kujua jambo hili hudumu muda gani, kusini mwa Hispania kuna mto uitwao Rio Tinto. Watu wamechimba madini kandokando yake tangu kale, kabla hata ya Warumi. Hadi leo maji yake ni mekundu na uchachu wake unakaribia wa maji ya limau. Paireti haiangalii tarehe ya mkataba.

Hesabu yenyewe

Tupige hesabu ya mfano. Badilisha bei kulingana na za kijijini kwako.

Tuseme mpangaji anakupa 600,000 kwa mwaka kwa ekari moja, miaka 2. Umepata 1,200,000. Ekari hiyohiyo kwa mahindi, tuseme gunia 10 kwa 60,000, ni 600,000. Toa mbegu, mbolea, palizi na usafiri, tuseme 300,000. Faida inayobaki ni 300,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kodi ya miaka 2 ni sawa na faida ya mahindi ya miaka 4. Kwa macho ya haraka umepata.

Sasa weka upande wa pili. Lundo la marudio la tani 1,000 si ajabu kwa karasha linalofanya kazi kila siku. Lori la tani 10 litahitaji safari 100 kuliondoa. Kila safari ikiwa 80,000, ni 8,000,000. Hapo hujapata pa kulipeleka, hujalipia maabara na hujatia chokaa shambani.

Umelipwa 1,200,000 na umeachiwa deni la 8,000,000. Mpangaji amekuhesabia kodi ya ardhi tu. Gharama ya kusafisha ameitoa kwenye mfuko wake na kuiweka kwenye wako, na wewe umeweka saini.

Hoja ninazozisikia

*"Shamba lenyewe limechoka, halitoi kitu."* Shamba lililochoka linarudishwa kwa samadi, mikunde na mzunguko wa mazao ndani ya misimu michache. Shamba lenye zebaki na aseniki halirudishwi kwa samadi.

*"Nitatia chokaa."* Chokaa inasaidia kweli kupunguza uchachu wa udongo, na mimi mwenyewe huishauri pale pH inapokuwa chini ya 5.5. Lakini chokaa haiondoi zebaki wala aseniki. Na kama lundo bado lipo juu ya shamba, utatia chokaa kila mwaka na lundo litatoa tindikali kila mwaka.

*"Mvua itasafisha."* Mvua haisafishi. Inahamisha. Kiangazi, chumvi nyeupe na za manjano hujikusanya kwenye kingo za lundo. Mvua za kwanza huziyeyusha zote kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana maji ya mvua za kwanza ndiyo mabaya zaidi, wakati ambapo mifugo ina kiu na watu wanakinga maji ya mfereji kumwagilia vitalu.

*"Maji ni meupe, hayana tatizo."* Maji yenye tindikali mara nyingi ni maangavu kuliko ya kawaida, kwa sababu tope linashuka chini na mwani na wadudu wamekufa. Uangavu si usalama.

*"Tunachemsha."* Kuchemsha kunaua vijidudu vya kuhara. Metali haifi. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na metali inabaki palepale. Dawa ya klorini nayo haiigusi.

Kama kijiji kimeamua kuruhusu

Najua vijiji vingine vitaruhusu. Basi iwe kwa masharti, na masharti yapitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Yasiwe makubaliano ya watu wawili chini ya mwembe, kwa sababu maji hayaheshimu mpaka wa shamba. Masharti yangu ni haya:

1. Karatasi kwanza. Aonyeshe leseni ya uchenjuaji kutoka Tume ya Madini, kibali kinachohusu mazingira, na usajili wa kemikali kutoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Peleka nakala kwa Afisa Madini Mkazi uulize kama ni halali. Kuuliza ni bure.

2. Mahali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, bwawa au ziwa. Ongeza busara yako: pasiwe juu ya kisima, pasiwe kwenye mkondo wa maji ya mvua, pasiwe jirani na shule wala nyumba.

3. Bwawa. Maji na marudio yaingie kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nene au udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, lenye kuta imara na nafasi ya juu ya kupokea mvua kubwa. Upande wa mlimani uchimbwe mfereji wa kukinga maji ya mvua yasiingie kabisa.

4. Dhamana. Kabla jiwe la kwanza halijasagwa, mpangaji aweke fedha ya kuondoa au kufunika marudio kwenye akaunti ya kijiji. Irudishwe kwake pale tu eneo litakapokaguliwa na kukubalika. Asiyetaka sharti hili amekwisha kukujulisha mpango wake.

5. Vipimo vya mwanzo. Sampuli za udongo, kisima na kijito zichukuliwe kabla ya kazi kuanza, mbele ya pande zote mbili. Matokeo yakae ofisi ya kijiji. Bila vipimo vya mwanzo, siku ya kudai utaambiwa maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani.

6. Zebaki isichomwe nyumbani. Mvuke wake hauonekani na hauna harufu. Ichomwe nje ya makazi, kwenye chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke kuwa zebaki tena.

Ukiniuliza sharti moja ambalo nisingelegeza, ni la nne. Mengine yote mtu anaweza kuyaahidi kwa mdomo. Dhamana inaahidi kwa fedha.

Daftari la maji la kijiji

Kamati ya mazingira ya kijiji iwe na daftari moja. Mtu mmoja aende mtoni na kwenye visima vya karibu kila wiki, na siku ya pili baada ya mvua kubwa. Aandike tarehe, mahali na alichokiona, na apige picha kwa simu. Aangalie:

- Mawe ya mtoni yaliyopata utando mwekundu au wa rangi ya chungwa, au rangi ya kijani-bluu inayoashiria shaba.
- Vyura, kaa na wadudu wa maji waliokuwepo na sasa hawapo.
- Samaki, bata au ndege waliokufa kando ya maji.
- Nyasi zilizokauka kwa mstari kufuata njia ya maji, wakati za pembeni ni kijani.
- Ndoo za bati, misumari na nyaya zinazooza haraka kuliko kawaida.

Karatasi za kupimia pH si ghali na kijiji kinaweza kununua pakiti moja kwa pamoja. Maji yasiyo na uchachu yako kwenye 7. Kila namba moja ikishuka, ukali umeongezeka mara 10. Ukiona maji ya kijito yameshuka chini ya 5 ilhali mwanzo yalikuwa 6 au 7, zuia watu na mifugo, kisha toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, afisa mazingira wa wilaya, Bodi ya Maji ya bonde lenu na NEMC. Usisubiri mkutano wa mwezi ujao.

Umuhimu wa daftari ulionekana Machi 2022, samaki walipokufa Mto Mara. Kamati ya serikali ilisema chanzo ni upungufu wa oksijeni uliotokana na uozo wa mimea na uchafu wa mifugo. Wananchi wengi hawakuridhika. Mimi hapa siamui nani alikuwa sahihi. Nasema tu kwamba kijiji chenye kumbukumbu za wiki kwa wiki kinaingia kwenye mazungumzo kama hayo kikiwa na cha kuweka mezani, na kisichokuwa nazo kinabaki na malalamiko.

Kwa wenzangu wa dukani na mashineni

Nanyi wafanyabiashara mna sehemu yenu.

Mapipa ya sianidi hayawi mapipa ya maji, ya pombe wala ya mafuta ya kula, hata ukiyaosha mara 10. Usiyanunue na usiyauze. Zebaki isikae kwenye chupa ya soda kwenye rafu moja na unga na sukari. Kuuza kemikali hizi bila usajili ni kosa kisheria, na mteja wako wa kwanza kudhurika ni mtoto wako anayecheza dukani.

Mwenye mashine ya kusaga, usikubali kusaga mawe hata usiku na hata kwa bei mara tatu. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani, ikiwemo kwa mashine za unga. Dhahabu ya kule ilikuwa na risasi nyingi kuliko kawaida, lakini mwenye mashine hawezi kujua kwa macho jiwe lililoletwa lina nini.

Na anayeuza mchanga wa ujenzi, mchanga wa marudio haujengi. Usiupeleke kwa mteja wa kupiga lipu wala kufyatua tofali.

Kwa ambaye ameshakodisha

Usikate tamaa, lakini usikae kimya. Kama mkataba bado unaendelea, omba urekebishwe kupitia serikali ya kijiji: dhamana iwekwe sasa na bwawa litandikwe sasa. Mpangaji ana mashine zake pale, kwa hiyo bado ana cha kupoteza. Akishahamisha karasha, nguvu yako imekwisha.

Kama ameshaondoka, chimba mfereji juu ya lundo ili mvua isipite ndani yake, na jenga kingo chini yake ili unga usisombwe. Usipande mchicha, kabichi wala mpunga chini ya lundo. Mpunga kwenye maji huvuta aseniki kuliko mahindi. Usichunge mbuzi juu yake, na watoto wasiligeuze uwanja. Usimpe mwenye vati mwingine alilowekee palepale kwa sababu tu anasema atakusaidia kuliondoa. Mwulize marudio yake ya mwisho yataenda wapi. Kisha njoo ofisi ya kata tupange kuchukua sampuli ya udongo na ya maji.

Kwa yeyote mwenye karatasi ya kukodisha mezani leo: usiweke saini kabla ya mkutano wa kijiji. Ilete kwangu au kwa mtendaji, tuisome pamoja mstari kwa mstari, na tutafute sehemu inayosema nani ataondoa marudio na kwa fedha ipi. Kama sehemu hiyo haipo, jibu la swali lako unalo.